Shela la Bi Harusi

Jioni ile, kama jioni nyingine zote, Baba Nati alirudi kutoka kazini, akanawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote, akaketi kwenye kiti chake karibu na mlango na kuanza kumpa mkewe habari za Bi Harusi.

"Hajambo," alisema. "Nimemfuta, nimempaka oili, nimemfunika. Hana hata mkwaruzo."

"Mungu ampe umri mrefu," alijibu Mama Nati, macho yake yakiwa bado kwenye cherehani. Wake wenza wengine hurushiana maneno. Yeye na huyu wa chuoni walipatana vizuri, tena yeye ndiye aliyemshonea shela.

Msomaji asije akamdhania vibaya mzee wa watu. Bi Harusi hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya kukereza vyuma, moja tu katika chuo kizima cha ufundi. Unafunga kipande cha chuma kwenye meno yake matatu, chuma kinazunguka, kisu kinakikwangua polepole mpaka kinakuwa shafti ya pampu au boliti au chochote unachotaka. Ililetwa na wafadhili ndani ya sanduku la mbao, wakati Nati akiwa bado anajifunza kusoma, na siku ile ile Mkuu wa Chuo akaamuru ifunikwe. Tangu hapo ilikuwa ikifunuliwa wageni wanapokuja. Ikifunuliwa inawashwa kidogo, inapigiwa makofi, inapigwa picha, inafunikwa tena. Wanafunzi ndio walioipa jina, na mtu akiiona imekaa kwenye kona ya karakana na kitambaa chake cheupe chenye lesi pembeni, hawezi kuwalaumu.

Mlezi wa Bi Harusi alikuwa Baba Nati. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa karakana. Ujanani alikereza vyuma mpaka mgongo ukamuuma, lakini siku hizi kazi yake ilikuwa kufuta vumbi, na alikuwa ameizoea kiasi cha kuionea fahari.

"Nati, mbona kimya?" aliuliza. "Mambo yalikwendaje kiwandani?"

Nati alikuwa amesimama kando ya kabati la vyombo, bado amevaa ovaroli yake. Ilikuwa mpya, safi, imepigwa pasi na mama yake mpaka ikawa na mistari miguuni. Jina lake halisi walikuwa wakilijua walimu tu. Hili la Nati alipewa siku alipokutwa, mtoto wa kutambaa, na nati ya baba yake mdomoni. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo, na hakuna mtihani ambao hakuwa wa kwanza. Siku hiyo darasa lao lilikuwa limekwenda kujaribiwa katika kiwanda cha pampu, ambacho kila mwaka kilichukua vijana wachache na kuwaajiri.

"Tumefukuzwa, Baba."

Cherehani ikanyamaza.

"Msimamizi alinipa kipande cha chuma," Nati alisema. "Ni mama mmoja hivi, miwani ameiweka juu ya paji la uso. Akaniambia nipunguze unene kutoka hapa mpaka hapa. Nikapiga hesabu ya mzunguko kichwani, nikamtajia, akasema sawasawa. Nikafunga chuma, nikakaza kwa spana. Nikanyoosha mkono kuwasha. Akanidaka mkono."

Baba Nati alikuwa ameshaelewa. "Spana," alisema.

"Niliiacha pale pale nilipokazia."

Mzee alifumba macho. Aliwahi kuiona spana ya namna hiyo enzi zake. Mashine ilipowashwa, iliruka ikatoboa bati la paa, na aliyeisahau alikaa chini akitetemeka mpaka wakamletea maji.

"Ungeua mtu, mwanangu."

"Ndivyo alivyosema. Akaniuliza, 'Binti, spana hukuiona?' Nikamjibu kwamba kwenye mchoro wetu haimo."

"Haimo kivipi?" Mama Nati aliuliza.

"Mwalimu huichora mashine yote ubaoni, Mama, na chaki za rangi. Anachora meno, kisu, mipini, kila kitu. Spana haichori kwa sababu si sehemu ya mashine. Darasa zima tumefanya kosa hilo hilo, kila mmoja aliitwa peke yake. Twiga, yule mwenzetu mrefu, yeye aliwasha kabisa, bahati nzuri walikuwa wameshakata umeme. Wafanyakazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwingine akauliza kama tumekuja kazini au kwenye sherehe, na ovaroli zetu hizi." Alijitazama miguuni, kwenye ile mistari ya pasi. "Msimamizi hakucheka. Akasema tumefundishwa kuogelea ubaoni. Turudi Jumatatu. Tukirudi hivi hivi, nafasi zetu anawapa watu wa chuo kingine."

"Basi hilo si jambo la kukuvunja moyo," Baba Nati alisema, akivuta kiti. "Keti hapa nikueleze hatua kwa hatua."

Akaanza kueleza. Bakuli likawa mashine, kijiko kikawa kisu, mikono ikawa inazunguka hewani. Nati alisikiliza kwa adabu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Baba, ya kuelezwa ninayo tele."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kushika."

Mzee aliliweka bakuli chini. "Bi Harusi si wa kuchezea, unajua. Miaka yote hii, mwanangu, hana hata mkwaruzo."

"Najua, Baba. Umemtunza vizuri." Nati alilichukua lile bakuli akalipeleka kuoshwa. "Sisi je?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, baba yake angepata pa kuanzia kumkemea, na mambo yangeishia hapo.

Asubuhi Baba Nati alibisha hodi ofisini kwa Mkuu wa Chuo. Mkuu alikuwa mdogo wake kwa umri, mtu wa heshima, aliyeamkia hata wafagiaji.

"Shikamoo, Mzee. Bora umekuja mwenyewe. Wageni wanafika Jumatano. Shela lifuliwe. Na safari hii wakianza kupiga picha usogee kidogo. Ile ya mwaka juzi ulitokea na tambara mkononi."

"Sawa, Mkuu." Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa mafaili, kwa hiyo alisema aliyoyajia akiwa amesimama. Alisema habari ya kiwanda, ya spana, ya Jumatatu. "Nilikuwa naomba wanafunzi waishike mashine. Siku moja tu. Nitakuwepo mwenyewe."

Mkuu alivua saa yake akaiweka mezani, kama afanyavyo mtu anayejiandaa kusema jambo alilokwisha kulisema mara nyingi.

"Mzee, ile mashine ya zamani ilipovunjika gia ulikuwepo, nami nilikuwepo, mwalimu kijana. Tuliomba gia nyingine kila mahali. Hatukupata. Mashine ikaota kutu, Mkuu wangu akalaumiwa, akahamishwa, mpaka leo hatajwi. Hii nayo ikivunjika, nani atanipa nyingine?"

"Na wanafunzi, Mkuu?"

"Wanafaulu. Matokeo yetu ni mazuri kuliko ya wote. Kushika watashikia huko huko viwandani." Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza, "Mkataba wako unaisha lini vile?"

Baba Nati alitoka amefyata mkia. Aliingia karakana, akainua pembe ya shela, akaona uso wake kwenye chuma kilichong'aa. Ndipo alipojishtukia. Amekataliwa, lakini moyoni hakuwa na uchungu. Alikuwa amepumua. Njia nzima ya kwenda ofisini alikuwa akiomba, bila kujiambia, kwamba Mkuu akatae, ili Bi Harusi abaki vile vile na kosa liwe la mtu mwingine. Aliitazama mikono yake, laini kama ya karani wa benki. Mtoto wake mwenyewe nusura aue mtu kwa kukosa kufundishwa kitu ambacho yeye alikifahamu tangu ujana, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Aliona haya peke yake mle ndani, haya za kweli, mpaka masikio yakawa ya moto.

"Waite wenzako," alimwambia Nati Jumamosi asubuhi. "Wote."

"Mkuu amekubali?"

"Nimesema waite wenzako."

Mama Nati alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Aliacha. "Baba Nati, ukimwaga unga tutakula nini?"

"Cherehani."

Alimtazama mumewe, akamwona vile alivyokuwa amekaza taya, akaelewa kwamba hapa hapana mjadala. "Haya," alisema. "Basi vaa shati la zamani. Hilo oili haitoki."

Karakana ilijaa. Baba Nati alilivua shela, akalitundika dirishani, na wanafunzi wakanyamaza kama watu waliomkuta mkwe anabadili nguo. Kisha akaishika spana juu, kila mtu aione.

"Huu ni mkono wenu," alisema. "Ukiiacha kwenye mashine, umeacha mkono kwenye mashine. Unakaza, unatoa, unaweka mezani. Ndipo unawasha."

Umeme ukiwa umezimwa, aliwapanga, na kila mmoja akakaza, akatoa, akaweka mezani. Wakarudia. Wakarudia tena. Twiga, kijana aliyelazimika kuinama ili aingie mlangoni, akasema, "Mzee, hii spana leo nitaiota." Wakacheka, na kicheko hicho kikawatoa woga.

Alipowasha, sauti ya Bi Harusi ilimpanda mwilini. Miaka yote alikuwa akimsikia akinguruma patupu mbele ya wageni. Leo kisu kiligusa chuma na ganda jembamba likajikunja likianguka sakafuni, na mzee akakumbuka kwa nini aliipenda kazi hii tangu mwanzo.

Zamu ya Nati ilipofika, alikaza, akatoa spana, akaiweka mezani, akawasha. Alianza vizuri. Kisu kikaenda, kikaenda, naye akawa anatazama ganda linavyojikunja, ameduwaa kwa uzuri wake, akasahau kukisimamisha. Kisu kikagonga meno ya mashine. Mlio ule uliwatoa wanafunzi roho. Baba Nati alizima kabla hajajua kwamba amezima.

Ncha ya kisu ilikuwa imevunjika. Kwenye jino moja la Bi Harusi palikuwa na pengo, jipya, linang'aa.

"Baba," Nati alisema, viganja mdomoni. "Nimemharibu."

Mzee alipitisha kidole kwenye pengo lile. Alingoja maumivu. Yalikuja, si uongo, lakini yalikuja madogo, na nyuma yake kukaja kitu kingine kilichomfanya ageuke haraka amtazame mtoto.

"Vidole?"

"Vipo."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha, vyote. Mzee akavishika kimoja kimoja, mbele ya darasa zima, bila kuona aibu.

"Basi. Kisu ni kisu. Njoo nikuonyeshe namna ya kunoa kingine, uanze upya."

Kazi ikaendelea. Kila aliyemaliza zamu alitafuta pa kufutia mikono, na dirishani palikuwa na kitambaa. Hakuna aliyelifikiria shela, hata mlezi wake.

Nyumba ya Mkuu ilikuwa ndani ya eneo la chuo. Alipoisikia sauti alivaa viatu bila soksi, akaja. Alisimama mlangoni. Nati alikuwa amerudi kwenye mashine, amekiinamia chuma, hana hili wala lile. Mkuu aliliona pengo, akaliona shela, akawaona wanafunzi wake na mashavu yenye oili.

"Mzee. Ufunguo."

"Huu hapa, Mkuu." Alimpa pale pale. "Ila naomba umwache amalize. Akikatishwa katikati, chuma kitabaki na alama."

Mkuu akautia ufunguo mfukoni. Wakasimama wawili hao, bega kwa bega, wakimtazama binti akikereza mpaka mwisho. Nati alizima, akakiinua kipande chake kwenye mwanga, akatabasamu, kisha akamwona Mkuu na tabasamu likamwishia.

"Jumatatu utaanza kukaa getini, Mzee," Mkuu alisema akiufunga mlango. "Na Jumatano asubuhi nalitaka shela, limefuliwa."

Nyumbani, Mama Nati alilitandaza shela mezani. Lote lilikuwa na alama za viganja. Alilowesha pembe moja, akasugua, akaona ni kazi bure.

"Huyu mwenye vidole virefu ni nani?"

"Twiga," Nati alisema.

"Na huyu?"

"Mimi, Mama."

Mama Nati aliweka kiganja chake juu ya kile cha bintiye. Kisha akachukua mkasi.

"Mama Nati!" Mumewe aliruka kwenye kiti. "Hiyo ni mali ya chuo!"

"Ya chuo tangu lini? Kitambaa changu, uzi wangu, lesi yangu. Hata ahsante sikuambiwa." Mkasi ulikuwa umeshafika katikati. "Nilidhani nashona kitu cha kulinda mashine. Kumbe nilikuwa namfunika mwanangu macho."

Alilikata vipande vipande, kila kimoja ukubwa wa leso, na kwa kuwa hakuweza kuvumilia kitambaa kinachochanika pembeni, akavipinda vyote kwa cherehani, na kimoja akamwekea Nati.

Jumatatu, kiwandani, kila mwanafunzi alikaza chuma, akatoa spana na kuiinua juu kabla ya kuiweka mezani, kama walivyozoea Jumamosi. Wafanyakazi walicheka tena. Safari hii hata msimamizi alicheka, miwani ikamtelemka kwenye pua. Alichukua wanne. Twiga alikuwemo. Nati alikuwemo.

Jumatano, Baba Nati alifungua geti magari ya wageni yapite. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda ofisini na kifurushi. Mkuu alikifungua, akaviona vitambaa.

"Hii nini?"

"Shela, Mkuu. Mama Nati anaomba radhi, limepungua kidogo."

Nje, magari ya wageni yalikuwa yameshapiga honi getini. Ikabidi Bi Harusi aonekane kichwa wazi, pengo lake mbele. Waliulizana nini huko ndani, mzee hakujua. Getini hapafiki maneno.

Lakini sauti ilifika. Wiki iliyofuata, akiwa kwenye kigoda chake cha getini, aliusikia mngurumo kutoka karakana. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Darasa la mwaka wa pili lilikuwa limemwendea Mkuu ofisini, likiuliza kwa nini wale wa mwaka wa mwisho walishika na wao hawashiki, na Mkuu, ambaye jino lililovunjika halikumletea lile janga aliloliogopa miaka yote, alikuwa amewafungulia karakana. Sasa walikuwa huko, na kisu kilikuwa kinalia.

"Kiinueni," mzee aliliambia geti. "Kimekaa chini mno. Jamani, kiinueni!"

Alipogeuka, Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake.

"Unasikia, Mzee?"

"Nasikia, Mkuu. Nateseka."

Mkuu alitoa ufunguo mfukoni. Aliugeuzageuza, akampa. "Nenda kawaone kabla hawajaniua kwa presha. Mimi nitakaa hapa mpaka apatikane mtu." Akajikunja kwenye kile kigoda, na suti yake, mafaili mapajani. Gari la kwanza lililokuja lilipiga honi, akaenda kufungua.

Mwisho wa wiki Nati alirudi nyumbani kutoka kiwandani, ovaroli haina tena mstari hata mmoja, kidole gumba kimefungwa kitambaa cha leso. Pembeni kitambaa kilikuwa na kipande cha lesi.

"Yesu na Mariamu, kidole!" Mama Nati aliruka kutoka kwenye cherehani. "Wamekufanya nini huko?"

"Si kitu, Mama. Nimevuta ganda la chuma kwa mkono mtupu."

"Njoo hapa," baba yake alisema.

Alimsogeza kwenye mwanga wa mlango, akakifungua kitambaa polepole. Mkwaruzo ulipita kidoleni kutoka kwenye kucha mpaka kwenye kifundo, mwekundu, umeanza kukauka. Ndani ya kucha zote palikuwa na oili nyeusi.

"Hutarudia," alisema.

"Sitarudia, Baba."

"Na Bi Harusi?" Mama Nati aliuliza, akijifuta macho kana kwamba yaliingia vumbi. "Hujatuambia habari zake leo."

"Hajambo," mzee alisema. "Wanamkwaruza kila siku."

Alivuta beseni. Aliitia mikono ya mwanawe majini, akaitia na yake, akaanza kumsugua kucha moja moja, akikikwepa kile kidole, kama alivyokuwa akimwosha alipokuwa mdogo. Mikono yake nayo siku hizi haikuwa misafi. Maji yakawa meusi tii, hata haikujulikana uchafu upi ni wa nani, na Mama Nati akaja, akayamwaga, akawaletea mengine.